Maafande, raia na kadi ya chama: Mlandizi nani analindwa na sheria?

RUVU Shooting iliposhuka daraja mwishoni mwa msimu wa 2022/23, mazungumzo yalikuwa yale yale ya kila timu inayoshuka. Nani alikosa bao gani, kocha gani aliletwa kwa kuchelewa, Mabatini itabaki na mechi gani za kutazama, na Masau Bwire atapapasa wapi sasa. Bwire mwenyewe hakukaa muda mrefu bila kipaza sauti, akaibukia JKT Tanzania. Wachezaji je? Timu ikishuka, bajeti nayo inashuka, na mtu aliyemwaga wino kwa mshahara wa Ligi Kuu anaweza kuamka siku moja akaambiwa mambo yamebadilika, achukue nusu au aondoke. Au haambiwi kitu kabisa, kibarua kinaota nyasi kimya kimya.

Sisemi ndivyo ilivyokuwa Mlandizi. Nasema swali hilo halikuulizwa kwa sauti, na Kibaha ni mahali pazuri pa kuliuliza kuliko hata Jangwani au Msimbazi. Soka la ukanda huu kwa miaka mingi limebebwa na Jeshi la Kujenga Taifa. Ruvu Shooting ni maafande. JKT Ruvu, iliyotumia jina la mto huo huo kabla ya kuwa JKT Tanzania na kuhamia Uwanja wa Meja Jenerali Isamuhyo kule Mbweni, ni maafande. Na ndani ya timu za maafande ndimo sheria ya haki ya kuunda chama cha wafanyakazi inapofika kwenye mstari, ikamruhusu huyu kupita na yule ikamwambia subiri hapo hapo.

MCHEZAJI NI MFANYAKAZI?

Tuanze na hili, maana wapo viongozi wa klabu, na hata wachezaji wenyewe, wanaoamini kwamba mpira ni kipaji na mwenye kipaji si mfanyakazi. Anapewa fedha ya usajili, anapewa posho, wakishinda anapewa bonasi, yameisha. Ukimtajia chama cha wafanyakazi anafikiri unazungumzia walimu au watu wa reli.

Sheria haioni hivyo. Kuna Sheria ya Taasisi za Kazi, namba 7 ya mwaka 2004, na kifungu chake cha 61 ni kitamu kwa mchezaji. Kinasema mtu anayemfanyia mwingine kazi atahesabiwa kuwa ni mwajiriwa, bila kujali mkataba wake umeandikwa kwa staili gani, ikiwa dalili moja tu kati ya zilizotajwa ipo, mpaka upande wa pili uthibitishe vinginevyo. Dalili zenyewe ni kwamba namna yako ya kufanya kazi inaongozwa na mwingine, saa zako zinapangwa na mwingine, wewe ni sehemu ya taasisi yake, umemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu iliyopita, unamtegemea kiuchumi, anakupa vifaa vya kazi, au unamfanyia kazi yeye peke yake.

Sasa mweke hapo winga wa timu yoyote. Kocha anamwambia akimbie wapi, arudi kukaba wakati gani, alale saa ngapi. Mazoezi asubuhi, mazoezi jioni. Kambi ya klabu, chakula cha klabu, jezi ya klabu. Ndondo ya mtaani Jumapili haruhusiwi, na akiumia huko atajieleza. Sheria iliomba dalili moja. Huyu anazo zote saba.

Na kwa wale ambao mkataba umebaki kabatini kwa katibu na wao hawana nakala (wapo wengi, usinibishie): Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, namba 6 ya mwaka huo huo wa 2004, inamtaka mwajiri ampe mwajiriwa maelezo ya ajira yake kwa maandishi. Mambo yakifika kwenye shauri, mwajiri akashindwa kutoa maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha sharti linalobishaniwa unamwangukia yeye. Anayeficha mkataba anajifunga mwenyewe.

WATU 20 WANATOSHA

Akishakuwa mwajiriwa, kifungu cha 9 cha sheria hiyo namba 6 kinampa haki ya kuanzisha chama cha wafanyakazi, kujiunga nacho na kushiriki shughuli zake halali. Hakuna ruhusa ya mwajiri inayotakiwa. Ni marufuku kumbagua mtu kwa sababu ana kadi. Na kumfukuza kazi kwa sababu ni mwanachama, au alikuwa mwanachama, au alishiriki shughuli halali za chama, si sababu ya haki. Mwajiri akipelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yeye ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba alimwachisha kazi kihalali. Mwajiriwa kazi yake ni kuwahi. Shauri la kuachishwa kazi linafunguliwa ndani ya siku 30, mengine ndani ya siku 60. Mchezaji anayekaa miezi minne akisubiri mwenyekiti apokee simu anakuta mlango umefungwa.

Masharti ya kusajili chama si ya kutisha. Kiwe kimeanzishwa kwenye mkutano wa waajiriwa wasiopungua 20, kiwe na katiba, kisiwe cha kutafuta faida, na kiwe huru, yaani kisishikwe mkono na mwajiri wala chama cha waajiri. Baada ya kuanzishwa kina miezi sita ya kuomba usajili. Waajiriwa 20! Hicho ni kikosi cha kwanza na benchi lake.

Kikipata wengi, nguvu inaongezeka. Chama kilichosajiliwa kikiwa na zaidi ya nusu ya waajiriwa wa kundi husika kinaweza kudai kitambuliwe kuwa wakala pekee wa majadiliano, na mwajiri analazimika kukaa mezani kwa nia njema. Klabu yenye wachezaji 28, ukipata 15 umeshamaliza. Mahali penye wanachama 10 hadi 20 sheria inatoa wawakilishi watatu wa chama. Wakizidi hapo hadi 100, wawakilishi kumi. Nahodha hana kizuizi. Kitambaa cha mkononi hakimfanyi kuwa menejimenti.

Haki hii haikushuka kama mvua. Tanganyika iliridhia mkataba namba 98 wa Shirika la Kazi Duniani, unaohusu haki ya kujipanga na kujadiliana, mwaka 1962, mwaka ule ule Rashidi Kawawa, aliyewahi kuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi TFL, alipokuwa Waziri Mkuu. Mkataba namba 87, ule wa uhuru wenyewe wa kuunda vyama, ukasubiri mpaka mwaka 2000. Katikati hapo, baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964, vyama vyote vilikunjwa vikawa kimoja, NUTA, baadaye JUWATA, baadaye OTTU. Vizazi vizima vya wachezaji waliovaa jezi za timu za mashirika ya umma walikulia kwenye zama za chama kimoja cha kazi, kilichotoka juu. Ndiyo maana mpaka leo mtu akisikia 'chama' anawaza ofisi mjini na kiongozi wa suti. Hawazi wenzake 20 wa chumba cha kubadilishia nguo.

MSTARI UNAPOPITA MABATINI

Hapa ndipo Mlandizi inapokuwa tofauti na Mbeya au Bukoba. Kifungu cha 2 cha Sheria ya Ajira kinasema sheria inawahusu waajiriwa wote wa Tanzania Bara, hata wa serikalini, isipokuwa walio katika utumishi wa Jeshi la Wananchi, Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Tena imeongeza maneno ya kuziba tundu: wawe wa kudumu au wa muda.

Duniani si ajabu. Ule mkataba namba 87 wenyewe unaiachia kila nchi iamue ni kwa kiasi gani uhuru huo utawafikia wanajeshi na polisi. Hakuna anayetaka kikosi kipige kura ya mgomo siku ya vita. Lakini beki wa kushoto haendi vitani. Anakwenda kukaba pembeni, na timu za maafande, kama mashabiki wote wanavyojua, hubeba askari na raia kwenye basi moja.

Chukulia wachezaji wawili wa timu ya aina hiyo, wa kubuni tu, wanaolala chumba kimoja kambini. Mmoja ni askari. Ana namba, ana mshahara wa jeshi, na timu ikishuka daraja anarudi kikosini na maisha yanaendelea. Hawezi kujiunga na chama cha wafanyakazi kwa sheria hii, lakini ajira yake haikutegemea bao la dakika ya 90. Kinachobaki kumlinda humo ni vifungu vichache vilivyotajwa wazi kwamba vinawagusa hata walio majeshini: marufuku ya kuajiri watoto, ya kazi za shuruti, na ya ubaguzi kazini.

Mwenzake ni raia aliyesajiliwa kutoka timu ya mkoani kwa mkataba wa mwaka mmoja au miwili. Hana namba ya jeshi. Timu ikishuka, hana kikosi cha kurudi. Kwa usomaji wangu, huyu sheria inamlinda kikamilifu, maana maneno ya kifungu yanamtoa mtu aliye katika utumishi wa JKT. Hayamtoi kila anayevaa jezi ya timu ya JKT. Mwanasheria wa upande wa pili angeweza kusema kwamba neno 'wa muda' linamkamata naye. Hapo ndipo mabishano yangeanzia, na ndiyo sababu mkataba wake unatakiwa useme wazi mwajiri ni nani: klabu, au jeshi?

Katikati yao kuna wa tatu, na huyu ndiye ninayemhofia zaidi. Kijana wa kujitolea JKT aliyeonekana ana mguu mzuri akaingizwa kwenye timu. Neno 'wa muda' liliandikwa kana kwamba ni kwa ajili yake. Anacheza ligi kama wenzake, anaumia goti kama wenzake, lakini akisema ajiunge na chama, jibu limeshaandikwa tangu 2004.

Kiluvya United au timu nyingine ya kiraia mkoani Pwani haina tatizo hilo hata kidogo. Wala Mlandizi Queens, ambao wadau wengi wameshawasahau kwamba ndio mabingwa wa kwanza kabisa wa Ligi Kuu ya Wanawake, msimu wa 2016/17, kabla JKT Queens na Simba Queens hawajaanza kupokezana makombe. Mwanamke anayecheza kwa malipo chini ya uongozi wa klabu anapimwa kwa zile dalili saba sawasawa na mwanaume. Sheria haikutaja jinsia ya winga.

SPUTANZA NA MILANGO MIWILI

Utaniambia chama kipo, SPUTANZA. Kipo, na kinastahili kutajwa kwa heshima kwa kubaki hai kwenye nchi ambayo mchezaji akistaafu anasahaulika kabla hajavua viatu. Ni mwanachama shiriki wa TFF, kama walivyo makocha wa TAFCA na waamuzi wa FRAT, na kinapiga kura kwenye mkutano mkuu.

Lakini kuna milango miwili nchini kwetu na watu wanaichanganya. Mlango mmoja ni wa vyama vya michezo, uko Baraza la Michezo la Taifa, BMT. Mwingine ni wa Msajili wa vyama vya wafanyakazi na waajiri, uko upande wa wizara ya kazi. Ukiingia mlango wa kwanza unapata kiti kwenye mkutano wa soka na uchaguzi wa rais wa TFF. Ukiingia wa pili unapata vile nilivyoorodhesha juu: wawakilishi, kutambuliwa, meza ya majadiliano, ulinzi wa kadi. Kura ya TFF ni kitu kizuri, lakini kura haimlazimishi mwenyekiti wa klabu kufungua kitabu cha mishahara. Mchezaji anayeombwa ada na chama chochote ana swali moja la haki kabisa: cheti chenu kimetoka mlango upi?

Ukitaka kuona mchezaji asiye na mlango wa pili anaishije, kumbuka sakata la Feisal Salum. Desemba 2022 Fei Toto aliandika barua ya kuvunja mkataba na Yanga na kuweka Sh112 milioni kwenye akaunti ya klabu. Yanga wakazikataa, na Januari 2023 Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji ya TFF ikasema bado ni mchezaji wao. Simo kwenye ubishi wa nani alikuwa sahihi. Mkataba ulikuwepo na Yanga walikuwa na haki ya kuushikilia. Ninachokitazama ni namna alivyopigana. Akakaa nje miezi. Mei akawaomba wananchi wamchangie fedha za kwenda Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo. Juni, Yanga walipoalikwa Ikulu baada ya fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, Rais Samia Suluhu Hassan ndiye aliyewaambia walimalize, na muda mfupi baadaye kijana akatua Azam. Huyo ni staa wa Taifa Stars. Kiungo wa Mlandizi atamfikiaje Rais?

Waingereza walipita hapo hapo zaidi ya karne iliyopita. Desemba 2, 1907, Billy Meredith na wenzake walikutana katika hoteli ya Imperial mjini Manchester wakaunda chama, wakati mshahara ulikuwa na kikomo cha pauni 4 kwa wiki. Mwaka 1909 FA ikatoa amri: jitoe kwenye chama au usajili wako unafutwa. Wengi walijitoa. Wachezaji wa Manchester United, waliokuwa wametoka kubeba Kombe la FA miezi michache nyuma, wakagoma kujitoa, wakasimamishwa bila mshahara. Wakaendelea kufanya mazoezi wenyewe, na nahodha Charlie Roberts na wenzake wakapiga picha na ubao ulioandikwa kwamba wao ni timu ya waliotengwa, 1909. Tim Coleman wa Everton akawaunga mkono. Kabla msimu haujaanza FA ikalegea na chama kikatambuliwa, ingawa kwa bei: wachezaji walikubali kujiondoa kwenye shirikisho la vyama vingine vya wafanyakazi. Kikomo cha mshahara kiliishi mpaka 1961. Hawakushinda yote. Ila walikuwa wengi, na wengi hawahitaji harambee.

MGOMO BARIDI NA HOFU YA MAHAKAMA

Kwetu wachezaji wasipolipwa huja na dawa moja: mgomo baridi. Hawaendi mazoezini, au wanakwenda na kukaa chini ya mti. Inaeleweka, njaa haina adabu. Ila mchezaji ajue anachokifanya. Sheria inatoa haki ya kugoma kwa mgogoro wa maslahi, kama kudai nyongeza au masharti mapya, na kwa hatua: usuluhishi kwanza, kura ya wanachama ikiwa chama ndicho kinachoitisha mgomo, kisha notisi ya saa 48. Mshahara ulioandikwa kwenye mkataba na haukulipwa ni jambo jingine. Hilo ni lalamiko la haki, na njia yake ni Tume. Anayegoma kienyeji kwa deni la halali anampa kiongozi sababu ya kumwadhibu, halafu deni linasahaulika.

Na ile hofu kwamba 'mpira hauendi mahakamani, FIFA watatufungia' imewanyamazisha wengi bure. Kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji, kanuni ya 22, zinaanza kwa kusema kwamba haziondoi haki ya mchezaji kwenda mahakama ya kiraia kwa mgogoro wa ajira. Wageni wanajua zaidi njia zao. Mgogoro wa mchezaji wa nje na klabu yetu una sura ya kimataifa, hivyo unakwenda FIFA moja kwa moja, na klabu zetu zimeshaonja kufungiwa kusajili kwa madai ya namna hiyo. Mtanzania anayedai klabu ya Tanzania hana njia hiyo. Anabaki na kamati za hapa, Tume, na Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi. Kwa hiyo chumba kimoja, deni moja, mgeni analipwa haraka ili dirisha lifunguliwe, mwenyeji anaambiwa avumilie kwa ajili ya nembo.

Kuna jambo dogo la mwisho, la fedha. Chama kilichosajiliwa mlango wa pili kinaweza kukatiwa ada moja kwa moja kutoka mshahara wa mwanachama aliyesaini fomu, na mwajiri anatakiwa kuiwasilisha ndani ya siku saba baada ya mwezi kwisha. Akichelewa bila sababu ya msingi anadaiwa asilimia 5 ya kiasi hicho kwa kila siku. Sasa fikiria klabu isiyolipa mshahara. Hakuna pa kukata. Chama cha wachezaji wetu kitajua klabu ipi haijalipa kwa kuangalia tu akaunti yake tarehe 8 ya kila mwezi, kabla hata mchezaji mmoja hajapiga simu kulalamika.